Shahidi Aliyefunikwa Taulo

Jumatatu, 3 Juni

Nimedhulumiwa tangu asubuhi.

Nilikuwa kwa kinyozi. Kiti kimelazwa, povu shingoni, taulo la moto limenifunika uso mzima. Kinyozi kaenda uani kuchota maji mengine. Raha ya mwanaume wa makamo hiyo. Mara, honi! Ndefu. Kabla sijapumua, nyingine, ndefu kuliko ya kwanza. Ikanipasua masikio. Nikapayuka humo humo ndani ya taulo kwamba dereva apasuke na honi yake, na aliyemzaa naye apasuke.

Kisha kimya. Nikangoja magurudumu ya meza ya fundi saa yalie. Pale kona, ng'ambo ya barabara, meza zote za biashara zina magurudumu. Gari la mikate likipiga honi, kila mwenye meza anaivuta yake, gari linarudi nyuma, linashusha mikate dukani. Ndiyo taratibu ya miaka yote. Meza ya fundi saa ikivutwa inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, naijua hata usingizini. Leo haikulia. Kimya tu. Halafu KRAA! Vioo.

Nikakurupuka. Taulo likaning'ang'ania kama lina deni nami. Nilipolishinda na kutoka nje, mambo yalikuwa yamekwisha. Kabati la kioo la fundi saa limelala chali chini ya gari la mikate, saa zimetapakaa barabarani, nyingine bado zinatembea. Fundi saa kashika kichwa, anapiga kelele kwamba dereva hakupiga honi. Na dereva mwenyewe kasimama, machozi yanamlengalenga. Nani? Mpwa wangu! Binti wa dada yangu mkubwa!

Watu wakauliza nani kaona. Ilikuwa asubuhi mno, wenye meza wengine hawajafika. Kimya. Sasa mtu kama mimi anakaaje kimya? Nikasema mimi nimeona. Kila kitu, mwanzo mpaka mwisho. Wakanizunguka. Nilieleza vizuri sana, povu likinitiririka.

Niseme hapa, kwa kuwa hapa hasomi mtu: sikuona. Nilisikia. Lakini kusikia ndiyo nini? Hata kuku anasikia. Mtu wa heshima zake huona.

Jioni nimeelezwa uzito wa kesi yenyewe. Sheria ya kiwanda cha mikate ni moja: dereva asiyepiga honi kabla ya kurudi nyuma hana kazi. Kama alipiga, kosa ni la mwenye meza. Funguo za gari wamemnyang'anya mpwa wangu mpaka kikao cha Ijumaa. Dada analia jikoni. Mshahara wa binti ndio unaoendesha nyumba hii, pamoja na chumba changu cha nyuma, ingawa mimi nimo humo kwa muda tu, mipango yangu ikiiva nahama.

Nimemwambia mpwa wangu atulie. Ana shahidi. Akaniuliza kwa sauti ndogo, mjomba, kweli uliniona nikipiga honi? Nikamjibu kwamba mimi ndiye niliyeona moshi wa kiwanda cha sabuni siku moja kabla hakijaungua.

Hakuonekana kufarijika. Watoto wa siku hizi!


Jumanne, 4 Juni

Upuuzi! Upuuzi wa hali ya juu!

Kumbe kikao cha kiwanda hakiendeshwi kama vikao vya watu. Mwenyekiti ni mama mmoja aliyekuwa mwalimu mkuu kabla hajaajiriwa pale, wafanyakazi wanamwita Mama Viti. Ana viti vitatu. Cha kwanza cha mbao tupu, hakina mto. Ukikaa hapo unasema mambo unayoyajua: ni ya kweli, umeyashuhudia mwenyewe, na ukiulizwa umejuaje una jibu linalosimama. Cha pili cha plastiki. Hapo unasema unayoyaamini, labda umeambiwa na mtu wa kuaminika, labda ni kweli, lakini hujayahakikisha. Cha tatu ni sofa. Sofa ni ya maoni. Hapo sema utakalo, hakuna wa kukukatalia, na hakuna atakayeliandika.

Kila sentensi na kiti chake. Unahama. Na mtu yeyote mle ndani anaruhusiwa kukuuliza neno moja tu: umejuaje? Ukikosa jibu, unashushwa.

Nikamuuliza mpwa wangu kwa nini anayejua ndiye akalie mbao, na mropokaji ndiye apewe mto. Akasema Mama Viti anadai kujua hakutakiwi kumstarehesha mtu. Ona maneno hayo!

Mpwa wangu akataka tufanye mazoezi. Kiti cha mbao cha jikoni, ndoo iliyopinduliwa, na kitanda changu mahali pa sofa. Akaniuliza kitu chepesi, kesho mvua itanyesha? Nikakaa kwenye mbao, nikasema inanyesha, najua. Umejuaje? Goti linaniuma. Akanihamishia kwenye ndoo. Nikauliza kwa nini. Akasema, je, goti halijawahi kukosea? Nikasema halijawahi. Dada akadakia kutoka jikoni, hakuulizwa na mtu, kwamba wiki iliyopita goti lilimzuia kufua siku nzima na jua likawaka mpaka bati likalia.

Wakanihamishia kitandani.

Goti langu! Goti lililonibeba umri wote huu! Limewekwa daraja moja na soga za vijiweni.

Nilisoma mpaka darasa la saba. Mwalimu wa hesabu alisema kichwa changu kimejaa, hana pa kuongeza. Leo nafundishwa kukaa.


Jumatano, 5 Juni

IMENYESHA! Tangu alfajiri! Mifereji imefurika, nguo za jirani zimesombwa kwenye kamba!

Nikamwamsha mpwa wangu kwa kugonga mlango na kiatu. Nikamtaka anirudishe kwenye mbao mara moja, na aombe radhi kwa goti. Akafikicha macho, akatazama mvua, akasema ni kweli mjomba, ulisema kweli na uliamini kweli. Nikasema basi nilijua. Akasema hapana. Goti liliuma kiangazi chote na hakukunyesha hata tone. Safari hii limebahatisha. Mtu anaweza kuamini jambo, jambo likawa la kweli, na bado asiwe amejua.

Ukweli unanyesha juu ya bati, watu wanalowa, na mimi nahesabiwa mbahatishaji! Angekuwa mtaalamu wa hali ya hewa mwenye tai, angeulizwa goti lake lina rekodi gani? Mpwa akasema ndiyo, angeulizwa hivyo hivyo. Mkaidi kama mama yake.

Mvua ilipokatika nikaenda kwa kinyozi, kwa siri. Mpango ulikuwa rahisi: asahau taulo. Nikaanza kwa mbali. Nikasifu mkasi wake. Nikasifu kioo chake chenye ufa. Nikamwambia kwamba wateja ni wengi, mtu hawezi kukumbuka nani alifunikwa nini siku gani.

Akaangua kicheko mpaka akashika meza. Hapa mtaani wananiita Mzee Nilikuwepo. Jina zuri, sikatai, linaonyesha heshima. Lakini leo alilitamka vibaya. Akasema, Mzee Nilikuwepo, safari hii ulikuwepo kweli, ila uso ulikuwa kwangu umeiva kama kiazi. Nikamuuliza je, yeye alisikia honi? Akasema hapana, alikuwa uani, bomba limefunguliwa, halafu ukuta mnene. Kitu pekee kilichopenya ni sauti yangu. Nikamwomba basi, wakimuuliza habari za taulo, ajifanye hajui. Akakataa! Akasema wakimuuliza atajibu, wasipomuuliza atanyamaza. Mtu ninayempa ndevu zangu tangu hazijapata mvi!

Na hakunyamaza. Mpwa wangu alipita pale jioni, akarudi nyumbani macho mekundu. Amejua yote. Nilidhani atanigombeza. Badala yake akakaa chini karibu na miguu yangu, akaniomba niseme nilichosikia. Honi mbili, kimya, magurudumu hayakulia, kishindo. Hayo tu. Akasema, mjomba, yanatosha, hayo unayajua, usiongeze chumvi hata chembe.

Hayo tu! Yaani niende mbele za watu niseme nilikuwa nimelala chali kama mgonjwa, gizani, nikasikia? Nikamwambia shahidi wa masikio ni nusu ya shahidi, na mimi sijawahi kuwa nusu ya kitu. Dada akasema nimewahi kuwa nusu ya fundi umeme, na nusu ya nyumba ikaungua. Sikumjibu. Mazungumzo hayakuwa ya umeme.


Alhamisi, 6 Juni

Asubuhi nimefanya utafiti. Kama macho yanaona kupitia taulo, hoja ya kinyozi inakufa. Nikajifunika taulo la dada, nikatembea uani. Nikaona mwanga, huo siwezi kuukana. Nikaona pia kitu kama kivuli, nikakisogelea kwa ujasiri, na kilikuwa beseni la nguo zilizolowekwa. Nimeingia mpaka kwenye nyonga. Dada alinitolea macho tu na kuniletea suruali nyingine. Naona hata kunicheka amechoka.

Basi nikapata mpango mkubwa zaidi. Asiyeona anaweza kukusanya. Kama nitaujua mwonekano mzima wa asubuhi ile, kofia ya nani, saa gani mezani, kivuli kiliangukia wapi, nina tofauti gani na aliyeona? Nikaenda kona kwa fundi saa mwenyewe. Adui! Ujasiri huo wangapi wanao?

Amepata meza ya kuazima, na kabati dogo la kioo kama la kuuzia karanga. Nikajitia hamnazo. Nikampa saa yangu aitazame, ingawa nayo haijatembea tangu nilipooga nayo. Nikapeleleza taratibu. Akanipokea vizuri kuliko nilivyotegemea. Akaniita mkubwa. Akasema mtaa mzima unajua mimi ndiye mwenye jicho, nikisema jambo limesemwa. Nikamwona ni mtu anayejua kupima watu, ni bahati mbaya tu tuko upande tofauti.

Akanimwagia kila kitu bila kuombwa mara mbili. Asubuhi ile alivaa kofia nyekundu. Alikaa mezani anatengeneza saa kubwa ya ukutani, mlango wa saa uko wazi. Akasikia gari linamjia, akaruka kando. Akanionyesha hata alivyoruka. Nikaweka yote kichwani, neno kwa neno. Mjinga! Amenipa silaha zake mwenyewe!

Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Mpwa kaniuliza kesho nitasema nini. Nikamwambia alale, kesho atasikia ushahidi ambao Mama Viti atausimulia mpaka astaafu.

Akaniomba tena. Honi, kimya, kishindo. Akasema kama sitaweza kusema hayo peke yake, bora nisiende kabisa. Nisiende! Mjomba mtu!


Ijumaa, 7 Juni

Nimevuliwa nguo mbele za watu. Nitaandika yote ili dhuluma hii isipotee.

Ukumbi ni chumba cha kulia cha kiwanda. Unanukia chachu na mikate ya moto, na hawakutupa hata kipande. Mama Viti ni mwembamba, miwani imening'inia kwa kamba, sauti ya chini inayokulazimisha kunyamaza. Viti vitatu mbele yake. Mpwa wangu pembeni na sare yake iliyopigwa pasi, mikono mapajani. Dada nyuma yake. Kinyozi naye kaja, kaitwa na mpwa wangu. Nikamtazama kwa dharau, akanipungia mkono.

Fundi saa alianza. Akakaa moja kwa moja kwenye mbao. Akasema alikuwa mezani, honi haikupigwa, nusura afe. Mama Viti akamuuliza amejuaje kwamba haikupigwa. Akasema masikio yake mazima na alikuwa hapo hapo. Akaachwa kwenye mbao. Dada akashika bega la binti yake.

Ikawa zamu yangu. Nikasimama, nikasalimia kila upande, nikakaa kwenye mbao kwa kishindo. Nikasema mimi nilisimama kona kwa macho yangu haya mawili. Nikaona gari. Nikaona binti anapiga honi, mkono wake ulivyoenda. Kisha, ili waone jicho langu lilivyo kali, nikaongeza kwamba nilimwona fundi saa amekaa mezani, kofia nyekundu, anatengeneza saa kubwa ya ukutani, kisha akaruka.

Chumba kikatulia. Nikadhani ni heshima. Nikamtazama mpwa wangu. Amefunika uso kwa viganja.

Hapo ndipo nilipoona fundi saa anatabasamu. Na hapo ndipo likaniingia, taratibu kama maji kwenye kiatu: kama alikuwa mezani, masikio mazima, basi honi angeisikia na meza angeivuta. Nimethibitisha maneno yake! Alinivika kilemba cha ukoka, nami nikakifunga mwenyewe mpaka chini ya kidevu!

Mama Viti akauliza neno lake. Umejuaje? Nikasema niliona. Kinyozi akanyoosha mkono, akauliza kwa upole kabisa, na taulo je? Vicheko. Mama Viti akaomba aelezwe taulo. Akaelezwa. Akaninyooshea kidole, plastiki.

Nikahamia plastiki. Nikasema naamini basi, fundi saa alivaa kofia nyekundu. Mama Viti akauliza nani kaniambia. Nikaanza kusifu miwani yake. Akauliza tena, ndugu shahidi, nani kakwambia? Nikasema kaniambia yeye mwenyewe, jana, nilipompelekea saa. Akasema kwa hiyo unamthibitishia fundi maneno aliyokupa fundi. Akaninyooshea sofa.

Mimi! Kwenye sofa! Sofa lenyewe chakavu, limekula wafanyakazi wangapi sijui. Nilizama mpaka magoti yakawa sawa na masikio. Watu wanacheka, mmoja mwenye aproni ya unga anafuta machozi. Ndipo damu ikanichemka.

Nikafoka. Nikasema wote ni wanafiki, hakuna hata mmoja anayejali dhuluma niliyofanyiwa mimi! Mtu amelazwa, uso umefunikwa, hana wa kumtetea, halafu anapigiwa honi mbili ndefu mpaka masikio yanawasha, nikatukana kwa haki yangu! Na huyu fundi asinidanganye hapa, meza yake kila asubuhi inalia kama paka aliyekanyagwa, siku hiyo nikaingoja ilie hata niudhike vizuri, haikulia! Kimya! Halafu KRAA! Angekuwa mezani angevuta, angevuta ningesikia! Sijasikia! Sasa mnacheka nini?

Hakuna aliyecheka. Mama Viti alivaa miwani yake.

Akasema polepole, ndugu shahidi, hebu hamia kwenye mbao useme hayo tena.

Nikakataa.

Ndiyo, nikakataa. Wamenishusha wenyewe, sasa wanipandishe wenyewe, mimi ni ndoo ya kisimani? Nikasema nimekwisha sema, atakaye aandike. Mama Viti akasema yasemwayo kwenye sofa hayaandikwi, ndiyo taratibu, kwa kila mtu. Akaongeza kwamba kikao kinafungwa kabla ya mikate ya mchana kutoka, na kama hakuna mwingine mwenye la kusema juu ya honi, maneno yaliyopo kwenye mbao ni ya fundi peke yake.

Mpwa wangu akaja mbele ya sofa. Hakulia. Akasema, mjomba, nimesomea udereva miaka miwili na wewe ndiye uliyenishikia baiskeli nilipokuwa mdogo. Nyanyuka, tafadhali. Sema ulichosikia.

Nikataka kunyanyuka. Kwa hiari yangu, iandikwe hivyo. Sofa halikutaka. Nikajisukuma, likanirudisha. Ilibidi kinyozi avute mkono mmoja na mpwa mwingine, nikang'oka kama mhogo, na springi moja ya sofa ikatoka na kipande cha suruali yangu.

Nikakaa kwenye mbao, makalio yakipigwa upepo. Nikasema nilisikia honi mbili, kimya, magurudumu hayakulia, kishindo. Umejuaje? Nimesikia kwa masikio yangu, nilikuwa ng'ambo ya barabara, mlango wazi, na sikuwa na kingine cha kuangalia. Mama Viti akangoja niongeze. Nilikuwa na mengi. Mpwa wangu alikuwa ananitazama. Nikafunga mdomo. Uliniuma.

Kinyozi naye akakalia mbao. Akasema honi hakuisikia, alikuwa kwenye bomba, lakini alinisikia mimi natukana honi, kisha ndipo kishindo. Akaulizwa nilitukanaje. Akarudia neno kwa neno, dereva apasuke na aliyemzaa naye apasuke. Dada yangu akageuka akanitazama. Huyo aliyemzaa.

Mama Viti akamrudisha fundi saa kwenye mbao na neno lake lile lile. Amejuaje kwamba honi haikupigwa? Akasema ingepigwa angeisikia. Akaulizwa angeisikia akiwa wapi. Mwishowe akahamia plastiki mwenyewe, bila kuambiwa, akasema alikwenda nyuma ya duka kuomba moto wa jiko lake, akarudi akakuta vioo. Aliamini honi haikupigwa kwa sababu hakusikia kitu. Kofia nyekundu hana.

Mpwa wangu amerudishiwa funguo hapo hapo.

Na mimi? Kanishukuru nani? Mama Viti alinipa mkono mlangoni, akasema ningesema hivyo tangu mwanzo tungemaliza kabla ya chai. Ndiyo shukrani hiyo. Nimerudi nyumbani nimejifunga sweta kiunoni.


Jumamosi, 8 Juni

Nyumba ina furaha, mimi sina. Mpwa ameondoka na gari alfajiri, ameliosha mpaka linang'aa. Amepiga honi mbele ya dirisha langu. Nadhani alikuwa ananisalimia. Niliruka kitandani.

Dada amepika vizuri, lakini kwangu kaniwekea shingo ya kuku. Nikauliza. Akasema aliyepasuka hawezi kugawa vizuri.

Mchana mpwa alikuja chumbani kwangu na mkate wa moto, akakaa kitandani. Akanishukuru kweli. Kisha akaharibu. Akasema, mjomba, siku zote ulikuwa na kitu kimoja unachokijua, ukakifukia chini ya kumi usivyovijua, nusura nipoteze kazi. Akaniuliza kama nimeelewa.

Nimeelewa sana. Amekiri kwamba nilijua! Kwa kinywa chake! Nimemwambia airudie mbele ya mama yake, akashika kichwa.

Mtaani mambo ni mabaya zaidi. Kinyozi anasimulia kesi kama yake. Eti bila yeye kuvuta mkono mmoja haki ingebaki kwenye sofa. Watu wananipita wakiuliza umejuaje, hata nikiwaambia habari za asubuhi. Nimemsusa. Nimejinyoa mwenyewe, bila kioo, kwa kuwa uso wangu naujua. Upande mmoja umetoka vizuri.

Nimefikiria sana kuhusu viti vile. Kasoro yake nimeigundua. Vimetengenezwa kwa watu wa kawaida, wanaojua jambo baada ya kulishuhudia. Hakuna kiti cha mtu anayejua moja kwa moja. Nitamwandikia Mama Viti kumweleza, kwa ukali.


Jumapili, 9 Juni

Kelele zimeniamsha. Nyumba ya tatu kutoka kwetu tangi la maji limeanguka kutoka juu ya mnara wake, limebomoa choo na banda la kuku. Mwenye nyumba na fundi aliyelisimika wanashikana mashati. Mmoja anasema nguzo zilioza, mwingine anasema lilijazwa kupita kiasi. Hakuna aliyekuwa macho.

Mimi nilikuwa nimelala fofofo, shuka mpaka kichwani.

Nimekwishatoka nje na pajama, nikawatuliza wote wawili. Nimewaambia wasihangaike kutafuta shahidi. Lilianza kuinama upande wa kushoto, polepole, kukiwa na njiwa wawili juu yake, mmoja mweupe.